Kicheko Kabla ya Wimbo

Diane na wenzako wa chumba cha sauti, mliniomba niwaachie maelezo ya mashine kabla sijaondoka. Maelezo ya mashine yamo ndani ya boksi lake, kwa Kijerumani na Kifaransa, na tangu mashine inunuliwe hakuna aliyeyasoma, nikiwemo mimi. Kwa hiyo nawaandikia yale ambayo hayamo kwenye boksi. Naandika mchana, nyumbani Rwezamenyo, mvua inanyesha polepole juu ya bati, na mke wangu ameshauliza mara mbili kama kustaafu maana yake ni kuhamishia ofisi sebuleni.

Kazi niliianzia Bujumbura, mtaa wa Buyenzi, katika duka la Fundi Rajabu aliyekuwa akitengeneza gramafoni na redio. Wazazi wangu walikuwa wakimbizi kutoka Rwanda, Wakatoliki wa rozari kila jioni, na baba alisita sana kunipeleka kwa fundi Mwislamu aliyeishi kwa muziki wa dansi. Mpaka leo sijui kilichomsumbua zaidi, Uislamu au dansi. Mama alimaliza ubishi kwa kunifulia shati.

Siku ya kwanza sikupewa bisibisi. Fundi Rajabu aliniketisha kwenye kigoda mbele ya gramafoni, akaweka santuri, akasema nisisikilize wimbo, nisikilize mwisho wake. Wimbo ukaisha, sindano ikaendelea kuzunguka kwenye mfereji wa ndani kabisa, shh-tk, shh-tk. Akaniuliza nimesikia nini. Nikasema hakuna kitu. Akairudia. Tuliendelea hivyo asubuhi nzima, na adhana ya adhuhuri ilinikuta nimeanza kusikia: mota inayovuma, mkanda uliolegea, vumbi, lori lililopita barabara ya pili likaitikisa meza. Fundi akasema sasa naweza kushika bisibisi, lakini kesho.

Nikifumba macho hata sasa bado niko kwenye kile kigoda. Duka lilinuka vumbi lililopata joto ndani ya amplifaya, na mafuta ya cherehani ambayo Fundi alitia kwenye mota, tone moja, akilihesabu kwa sauti kana kwamba yangeweza kuwa mawili. Sindano mpya alizihifadhi ndani ya kiberiti. Uzito wa mkono wa gramafoni aliupima kwa ncha ya kidole cha shahada, na nilipokuja kupata mizani ya kitaalamu miaka mingi baadaye, niligundua kwamba kidole chake hakikuwa na kasoro. Kidole changu kilikuwa nayo, na nilianza kutumia mizani.

Santuri alizisafisha kwa maji ya mvua yaliyochujwa, tone la sabuni na spiriti ya dawa kidogo, kwa kitambaa cha shati lililozeeka. Kabla ya kushika chupa aliinua santuri kwenye mwanga akatazama ndani ya tundu la katikati. Aliniambia kwamba zipo santuri ambazo si plastiki. Ni bati jembamba lililopakwa kitu kama vanishi, huchongwa studioni moja moja, na nakala ya pili haipo. Kwa juu ni nyeusi kama nyingine zote, ila ukichungulia tundu utaona bati linang'aa. Hizo usizitie spiriti, maana spiriti inaila vanishi pamoja na sauti yake. Kwa miaka yote niliyokaa Buyenzi niliziona mbili tu, na zote mbili alizishika yeye.

Fundi Rajabu alipofariki tulimzika siku hiyohiyo, na mimi Mkatoliki nilikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza. Muda si mrefu familia yetu ikarudi Rwanda. Nasema ikarudi, ingawa mimi nilikuwa sijawahi kukanyaga hapa. Nilifungua kibanda hapa Rwezamenyo, si mbali na msikiti, kwa sababu nilizoea kupanga kazi kwa adhana. Watu walianza kuleta gramafoni zilizokaa darini, stoo, na moja iliyotoka kwenye banda la kuku ikiwa na mayai mawili. Mwenye gramafoni alisema mayai niyachukue, ila sauti irudi. Ilirudi. Siku hiyo jirani zangu walisimama mlangoni, hakuna aliyecheza, walisikiliza tu wakiwa wamekunja mikono hadi upande wa pili ukaisha.

Halafu zikaja kaseti, zikaja CD, zikaja simu. Sikuwa na ugomvi na simu. Ndiyo inayonikumbusha dawa ya presha. Lakini ilifika siku nikatambua kwamba tangu Pasaka sikuwa nimeshika sindano, nilikuwa nikiunga waya za chaja tu. Kilichonikosesha raha hakikuwa muziki. Muziki ulikuwa mwingi kuliko zamani, kila moto, hizi pikipiki za abiria, ilipita na wimbo wake. Nilikuwa nimekosa ule muda mdogo baada ya sindano kugusa santuri, kabla ya wimbo kuanza, pale ambapo watu wote chumbani hunyamaza bila kuambiwa. Kwenye simu muda huo haupo. Unabonyeza, tayari mtu anaimba.

Ndipo ofisi yetu ya kuhifadhi sauti, Kacyiru, ikatafuta mtu anayejua santuri za zamani, ili sauti zake ziingizwe kwenye kompyuta. Ya vyeo na mishahara nayaruka, yanajulikana na hayasikiki. Nakumbuka chumba kisicho na dirisha, zulia ukutani, na wewe Diane, umetoka chuo juzijuzi, ukiniambia kwa heshima kubwa nisiweke chai juu ya kompyuta. Wewe ndiye uliyenionyesha kwamba sauti inaweza kuonekana. Nilitazama ile mistari ya kijani ikipanda na kushuka, nikatamani Fundi Rajabu angekuwepo, ingawa najua angeuliza kwa nini tunatazama kitu cha kusikiliza.

Miaka ya mwisho santuri zikaanza kurudi mjini. Vijana wa Kimihurura walinialika kwenye mkahawa wao wenye gramafoni mpya iliyotoka Ulaya. Nilivaa koti. Nilikuta santuri nyingine zimepigiliwa ukutani kwa misumari, na nilipouliza, kijana mwenye mkahawa akanieleza kwa upole, "Hizo ni za décor, muzehe." Kahawa ilikuwa nzuri. Niliinywa nikiwa nimeupa ukuta mgongo.

Sasa nije kwa Madamu Godelive. Diane ulikuwepo, wengine mmesikia nusunusu wakati wa chai.

Alikuwa mtumishi wa wizara iliyo karibu na ofisi yetu, mama wa miaka hamsini na kitu, amekulia Bujumbura kama mimi, kwa hiyo tulizungumza Kiswahili cha kule. Alikuja saa ya chakula cha mchana na santuri moja iliyofungwa kwa kitenge. Mama yake mdogo, aliyemlea, alikuwa amefariki, na walipofungua sanduku lake la nguo waliikuta chini kabisa. Kwenye karatasi ya katikati palikuwa na jina la mama mzazi wa Godelive kwa penseli, basi. Walisema kwamba alipokuwa msichana aliimba kwaya, na mapadri wa parokia walikuwa na studio ndogo.

"Mama alikufa mimi sijatembea," aliniambia. "Alikuwa na ugonjwa ya kifua, wakamutenga. Niko mutoto wake mumoja tu. Mama mudogo alisemaka kama mama hakunibeba hata siku moja. Simulaumu, ni ugonjwa. Lakini hata sauti yake siijui."

Hakuwa na picha pia. Alitaka kusikia sauti, na nilielewa bila kuambiwa kwamba alitaka kusikia ndani yake kama aliwahi kuwa mtoto wa mtu. Nilimwambia aje Alhamisi.

Alasiri ile, Diane, ulikuwa kwenye mkutano. Niliiweka santuri nikashusha sindano kidogo, kuonja hali yake tu, bila kurekodi. Ilijaa vumbi, ikawa inapasuka kama bisi kwenye sufuria. Chini ya bisi nikasikia kiti kinaburutwa. Sauti ya mwanamume, kwa Kifaransa, ikamwambia madamu anaweza kuanza. Halafu mwanamke akacheka. Kicheko kifupi, kilianza puani kikamalizikia mdomoni, cha mtu anayeona haya na huku amefurahi. Kisha akasema kwa Kinyarwanda, nami nayaweka kwa Kiswahili: "Mtanisamehe, nitaimba nikitikisika. Huyu wa mgongoni amekataa kulala, na nikisimama tu analia."

Nikainua sindano. Nilikaa nimeishika hewani sijui kwa muda gani. Yule wa mgongoni alikuwa Godelive. Alikuwa ndani ya studio ile, amefungwa kwenye kitambaa, anagoma kulala. Ugonjwa ulikuja baadaye, na mama mdogo ama hakujua ama kwa uchungu wake alisahau. Mama yule alikuwa amempa mwanawe jibu kabla mtoto hajajua kuuliza, na jibu lilikuwa limelala chini ya sanduku la nguo miaka yote hiyo, na mtu wa kwanza kulisikia nikawa mimi.

Furaha ndiyo iliyoniponza. Nilitaka Godelive ayasikie maneno yale safi, bila zile bisi. Nikachukua chupa, nikachukua kitambaa, nikaanza ukingoni kama nilivyoanza maelfu ya mara, santuri ikizunguka polepole chini ya mkono wangu. Mkono uliozoea hauulizi. Sikuiinua kwenye mwanga. Sikutazama tundu. Mzunguko wa pili kitambaa kikanata. Nilipokiondoa kilikuwa cheusi, na kwenye ukingo wa santuri bati lilinitazama liking'aa, upana wa kidole changu. Kiti, Mfaransa, kicheko na maneno, vyote vilikuwa kwenye kitambaa mkononi mwangu.

Diane, uliporudi ulinikuta bado nimekishika. Uliniuliza kimetokea nini nikakuonyesha. Ukasema, "Muzehe, iyi disque iko ya zamani. Umwambie ilikuwa imeisha tu. Atajua aje?" Ulisema kwa huruma na sikukushikia kinyongo. Tena nikiri kwamba kwa siku mbili niliufanyia mazoezi uongo ule. Niliusema kimoyomoyo kwenye basi, nikaurekebisha hapa na pale, ukawa mzuri sana. Uzee wa vanishi, unyevu wa sanduku, joto la Bujumbura. Nusu yake ilikuwa kweli.

Jumatano nilimweleza mke wangu. Alikuwa anachambua maharage. Aliuliza kitu kimoja tu, nani mwingine aliyasikia maneno yale. Nikamwambia hakuna. Akatupa kijiwe nje ya dirisha, akasema, "Basi hayo maneno si yako."

Alhamisi Godelive alikuja amevaa vizuri, kama mtu anayekwenda kutembelea wakubwa. Nilikuwa nimepanga kuanza kwa mbali. Nilipomwona nikasahau nilikopanga kuanzia.

"Madamu, nimeharibu mwanzo wa santuri yako," nikasema. "Si uzee wake. Ni mkono wangu."

Alitazama ule ukingo unaong'aa. Akaligusa bati kwa kucha, akauliza kama kilichotoka kinaweza kurudishwa. Nikamwambia haiwezekani, hapa wala Ulaya. Alinyanyua mkoba wake, akausogeza begani, nami nikajua anaondoka na ana haki. Alisimama hivyo akitazama zulia la ukutani. Kisha akakaa tena, mkoba ukiwa bado begani.

"Huo mwanzo, uliusikia?"

"Niliusikia. Mara moja."

"Kulikuwa nini?"

Nikamwambia. Kiti, mwanamume wa Kifaransa, kicheko, halafu maneno, kwa Kinyarwanda kama yalivyosemwa, bila kuongeza wala kupunguza. Nilipofika kwa yule wa mgongoni, alipeleka mkono nyuma ya bega lake mwenyewe, akauacha huko. Akaniomba nirudie. Nikarudia mara tatu, na mara zote tatu mkono wake haukutoka begani. Machozi yalikuwa yangu, si yake. Niliyafuta kwa mkono wa koti kwa sababu sikutaka kugusa kitambaa chochote.

"Na kucheka, alicheka namna gani?"

Nilijaribu. Kilikuwa wazi kabisa kichwani mwangu, kinaanzia puani kinamalizikia mdomoni, lakini kilichotoka kilikuwa kikohozi cha mzee. Nikajaribu tena. Diane ukageukia kompyuta yako ukajifanya unatafuta kitu. Godelive aliniangalia jinsi ninavyohangaika, na nadhani aliona usoni mwangu kile ambacho koo lilishindwa kutoa.

"Acha, muzee," akasema. "Ukae na hiyo kucheka muzuri."

Kisha tukapiga sehemu iliyobaki. Nilijua tuna nafasi moja, maana vanishi ilikuwa imeanza kubanduka kando ya jeraha nililolifanya. Nilipima sindano mara mbili, nikaishusha pale bati linapokwisha. Bisi zilianza. Hakuna aliyepumua kwa sauti. Na ndani ya zile bisi akaja mwanamke kijana akiimba wimbo wa kubembeleza mtoto, sauti si kubwa, inayumba kidogo, inakwenda na kurudi kama mtu anayehamisha uzito mguu mmoja hadi mwingine. Godelive aliinama. Mwili wake ukaanza kuyumba naye, nadhani bila yeye kujua.

Katikati ya ubeti wa pili kompyuta ikaanza kutia alama nyekundu. Palikuwa na kitu kinachogonga, pa, pa, pa, taratibu, chini ya wimbo. Ulininong'oneza, Diane, kwamba hiyo ni bruit, kelele tu, na mashine inaweza kuitoa yote kwa mpigo mmoja, na kidole chako kilikuwa tayari. Nikakishika. Kama nisingesikia mwanzo ule ningekuachia, ningedhani mkwaruzo. Nikakwambia usiguse, ni kiganja. Anampigapiga mtoto mgongoni alale.

Godelive alikuwa amesikia nilichosema. Hakuinua kichwa. Mkono wake ukaanza kupiga paja lake, pa, pa, pa, ukienda pamoja na ule mwingine. Wimbo ulipokwisha sindano iliingia kwenye mfereji wa ndani, ikazunguka, ikazunguka, na sisi watatu tukaiacha. Sijawahi kukaa mahali penye amani kama kile chumba kisicho na dirisha. Sijui tungekaa mpaka lini kama simu ya mtu isingelia.

Hakuniambia kwamba amenisamehe, nami sikumwomba. Lakini alikuja Alhamisi nyingine, na nyingine, saa ileile ya chakula, akiwa na wimbo wake kwenye simu, akaomba nimwambie tena maneno ya mwanzo. Siku moja nilikaribia kuongeza kwamba mama yake alisema "mwanangu". Lilikuwa limekuja lenyewe mdomoni, tamu, na lingempendeza. Nikalimeza. Hakulisema, alisema "huyu wa mgongoni". Kuanzia siku ile kila asubuhi kabla ya chai nayasema maneno yale peke yangu, polepole, yasije yakavaa nguo zisizo zake.

Kwenye kadi ya faili, Diane, uliyaandika yote, na chini yake: mwanzo umesimuliwa na fundi aliyeuharibu. Nilitaka hivyo. Mahali pa kicheko pameandikwa "anacheka", neno moja, kwa kuwa hatukupata njia nyingine ya kukiandika. Msiifute kadi hiyo hata mkibadilisha kompyuta, na msizitoe zile pa, pa, pa, hata siku moja. Na santuri yoyote itakayoingia humo, itazameni kwenye tundu kabla ya kushika chupa. Hilo ndilo agizo langu lote.

Wiki iliyopita nilikabidhi vifaa. Afisa wa utawala alikuja na orodha: hedifoni, brashi mbili, mizani ya sindano, ufunguo wa kabati, kadi ya mlangoni. Kila kimoja alikigusa, akakitia alama. Mwisho wa karatasi palikuwa na tamko la kusaini, kwamba mfanyakazi anayeondoka habaki na mali yoyote ya ofisi wala ya mteja. Nikashika kalamu. Mama yake Godelive akacheka, kwanza puani, halafu mdomoni, karibu kabisa na sikio langu. Afisa aliuliza kama kuna tatizo. Nikamwambia hakuna, nikasaini.